Ramani ya Nchi Isiyokuwepo: Pambo au Uhakiki?

Wanafunzi wa fasihi tuna mazoea mabaya. Tukikuta ramani mwanzoni mwa riwaya ya njozi tunairuka haraka ili tuwahi "fani na maudhui", kana kwamba ramani yenyewe si fani. Makala haya yanapinga mazoea hayo. Ninadai kuwa ramani ya nchi ya kubuni ni kauli kuhusu mandhari, na anayeichora, kwa penseli au kwa kompyuta, anafanya kazi ya mhakiki.

Tumtazame R. L. Stevenson. Mwaka 1881 alichora kwanza ramani ya kisiwa, ndipo hadithi ya Treasure Island ikafuata. Ramani hiyo ilipotumwa kwa mchapishaji ikapotea. Ikambidi achore nyingine kwa njia ngumu: kukipitia kitabu chote, kuorodhesha kila mahali palipotajwa, kisha kuchukua bikari na kuilazimisha ramani ikubaliane na maneno. Yeye aliipenda ile ya kwanza. Sisi wahakiki inatufunza ya pili.

Siku hizi kazi hii hufanywa kwa programu kama Inkarnate na Wonderdraft. Azgaar's Fantasy Map Generator ndiyo kiboko: ukiifungua tu, inakupa dunia nzima yenye mito, mipaka na majina ya miji. Inapendeza, sikatai. Lakini mtu anapewa nchi kabla hajauliza nani anaishi humo na anagombania nini.

Sasa basi, mchoraji afanyeje? Kwanza aandike orodha kama Stevenson, kabla ya kuwasha kompyuta. Pili, aweke skeli. Mtembea kwa miguu akijitahidi atafika labda kilomita 30 kwa siku. Mhusika akitembea siku tatu, miji miwili isiachane kilomita 500. J. R. R. Tolkien alianza na ramani akaifanya hadithi iifuate, ndiyo maana safari za The Lord of the Rings (1954–55) zinahesabika. Tatu, aangalie mito. Maji huteremka, na mito huungana kadiri iendavyo baharini. Kwa kawaida haigawanyiki mpaka ifike kwenye delta. Nne, na hili ndilo kubwa, atumie tabaka. Programu nyingi zinaruhusu milima ikae tabaka moja na majina tabaka jingine. Mimi napendekeza mgawanyo wa kihakiki: tabaka moja la yale aliyoyasema mwandishi, jingine la yale uliyoyakisia wewe. Lifiche la pili, utaona mara moja umetunga kiasi gani.

Hebu tuyapime haya kwa kazi ya nyumbani. Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert ni nchi iliyo angani, na wajumbe wake wanatumwa pande sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Programu inakupa karatasi bapa yenye pande nne. Utafanyaje? Ukiziacha mbili zilizobaki, picha itakuwa safi, lakini utakuwa umemkata Karama theluthi ya utetezi wake mahakamani, maana hoja yake inasimama juu ya wajumbe wote sita na malipo waliyoyapata waliporudi. Afadhali uchore michoro miwili: mmoja wa kutazama nchi kutoka juu, mwingine wa kuitazama ubavuni, mbingu juu na ardhi chini.

Kuna mtego mwingine. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama fumbo la utawala wa kikoloni. Mchoraji akiipa Kusadikika umbo la Tanganyika, ameshafumbua fumbo kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza. Hiyo ni hoja, siyo mapambo, na hoja hutetewa. Pale mwandishi aliponyamaza, paachwe peupe, hata kama programu inakuwekea msitu mzuri bila kuombwa.

Najua wenzangu wengine watasema ramani ni kazi ya watu wa jiografia. Hapana. Mwanajiografia ana nchi ya kwenda kuipima. Nchi yetu sisi imo ndani ya maneno tu, na mwenye kazi ya kuyapima maneno ni mwanafasihi. Anayebisha na achukue Kusadikika, aichore, kisha atuoneshe tabaka zake zote mbili.