Istilahi za Majadiliano ya Pamoja Hospitalini

Muuguzi wa zahanati katika Halmashauri ya Wilaya ya Ushetu anasemewa na mabaraza mawili. La kwanza ni baraza la wafanyakazi la halmashauri yake, ambayo makao yake ni Nyamilangano; chombo cha namna hiyo kina asili yake katika Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970, nacho kazi yake ni kushauri. La pili liko ngazi ya taifa, chini ya Sheria ya Majadiliano katika Utumishi wa Umma ya 2003, na humo ndimo vyama vya wafanyakazi hukabiliana na Serikali juu ya mishahara. Yote mawili huitwa baraza, na katika yote mawili husemwa kwamba watu "wanajadiliana". Si ajabu basi muuguzi huyo akimlaumu mwenyekiti wa kikao cha Nyamilangano kwa mshahara ambao kikao hicho hakina uwezo wa kuuongeza hata kwa shilingi moja. Kosa hapa si la muuguzi. Ni letu sisi tunaounda na kufundisha istilahi.

Neno "majadiliano" lina upungufu ambao haujatazamwa vya kutosha. Wazee barazani hujadiliana, wanafunzi darasani hujadiliana, na wote huweza kuondoka bila kufungwa na lolote. Dhana tunayoizungumzia ni nyingine: pande mbili zinadai na kuachiana mpaka zipatane, na patano hilo huzifunga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ajadiliane kwa nia njema na chama chenye wanachama wengi katika kundi linalohusika, na makubaliano yakiisha kutiwa saini huwa na nguvu. Hatupendekezi neno lililokwisha kuzoeleka lifutwe. Twapendekeza libaki kwa kitendo cha mezani, na kazi ya baraza la wafanyakazi iitwe "ushauri", bila haya.

Ugumu zaidi uko katika kueleza kwamba mapatano hayo hufanyika mahali pamoja kwa niaba ya nchi nzima. Mfasiri mwenye haraka ataandika "majadiliano ya kati". Lakini "kati" kwa msomaji wetu ni nafasi iliyo baina ya mbili. Waliosoma shule ya kati wanajua kwamba haikuwa kuu kuliko nyingine. "Majadiliano ya ngazi ya taifa" ni refu, lakini halidanganyi. Tofauti yenyewe inaonekana katika wilaya hiyo hiyo ya Kahama: mchimbaji wa Bulyanhulu huweza kukaa mezani na kampuni inayomlipa, ilhali muuguzi wa Ushetu ni mwajiriwa wa halmashauri ambayo haipangi ngazi za mishahara.

Kuhusu zao la majadiliano, vyama vimelipenda jina "mkataba wa hali bora". Ni jina tamu jukwaani. Katika sheria halifai, kwa kuwa linaahidi matokeo kabla hayajapatikana. Mkataba unaozuia hali isishuke nao ni mkataba. "Mkataba wa pamoja" unatosha, nao unajitenga vema na mkataba wa ajira wa mtu mmoja. Sisi tungeogopa zaidi neno "maelewano". Nchini Kenya madaktari wa hospitali za umma waligoma siku 100, tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai utekelezaji wa mkataba uliotiwa saini 2013. Hati inayobishaniwa kiasi hicho haistahili jina linalolegea.

Kwa watumishi wa hospitali jambo hili lina uzito wa pekee. Sheria ya 2004 inaziweka huduma za afya miongoni mwa huduma muhimu, na mgomo humo hauruhusiwi ila kwa masharti, mojawapo likiwa mkataba wa pamoja juu ya huduma za chini zitakazoendelea. Asiye na mgomo amebakiwa na maneno ya mkataba wake. Na tangu Sheria Na. 1 ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, maneno hayo ni yetu.

Limebaki moja dogo. Asiye mwanachama anaweza kukatwa mchango kwa chama kinachomsemea, usiozidi ule wa mwanachama. Atakayefasiri neno kwa neno atapata "duka la uwakala", na mkunga wa Ushetu atauliza linauza nini. "Ada ya uwakala" imekwisha kuzoeleka. Iingizwe katika orodha ya istilahi sanifu.