Wengi Wape, Lakini Wahesabiwe Vipi?

Methali "wengi wape" hutumiwa kana kwamba wengi wanajulikana kabla ya kuhesabiwa. Hoja yangu ni kwamba njia ya kuhesabu ndiyo huamua wengi ni nani, na hatimaye sera ipi ipite.

Tuanze na Kenya. Mwaka 1988 chama pekee, KANU, kiliteua wagombea ubunge kwa mlolongo: mpiga kura alisimama hadharani nyuma ya mgombea wake. Aliyefikisha asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, wala hakwenda kwenye kura ya siri. Asilimia hiyo ilikuwa ya waliopanga foleni, si ya wote walioandikishwa. Tuseme jimbo lina wapiga kura 10,000 na wamefika 2,000: watu 1,400 wanatosha kumpa mtu ubunge. Hao ni asilimia 14 tu. Tena foleni ikishatawanyika, hakuna karatasi za kuhesabu upya.

Baadaye mwaka huohuo bunge lilibadili katiba. Majaji waliondolewa ulinzi wa vyeo vyao, na polisi wakaruhusiwa kumshikilia mtuhumiwa wa kosa la adhabu ya kifo siku 14 kabla ya kumfikisha mahakamani. Mlolongo haukuwa sababu pekee, kwani upinzani haukuruhusiwa. Lakini mbunge ambaye kiti chake kiko mkononi mwa msimamizi wa foleni atapinga nini? KANU yenyewe iliuacha mlolongo mwishoni mwa 1990.

Jambo hili linatuhusu hapa Rusizi. Nchini Rwanda rais na wabunge huchaguliwa kwa kura ya siri, lakini viongozi wa mudugudu wamekuwa wakichaguliwa kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Wanaoitetea njia hii wana sababu nzuri: haina gharama, asiyejua kusoma hushiriki, na kila mtu huona hesabu.

Hata hivyo, mudugudu ndipo watu wanapojuana zaidi. Mama anayekopa unga dukani atasimamaje nyuma ya mpinzani wa mwenye duka, huku mwenye duka akimtazama? Na kiongozi wa mudugudu si wa jina tu. Ana sauti katika kuamua umuganda utengeneze njia ipi kwanza na nani apendekezwe kupata msaada. Mstari ukiwa umepangwa kwa woga wa deni, njia ya kwanza kutengenezwa inaweza kuwa ile ya kwenda dukani.

Kuna njia ya kati. Gambia imetumia gololi kwa miongo mingi: mpiga kura huingia faragha na kutumbukiza gololi moja katika pipa la mgombea wake, na kengele iliyo ndani hulia mara moja. Asiyejua kusoma hushiriki, na gololi huhesabiwa mbele ya watu. Mudugudu wetu unaweza kufanya hivyo kwa maharage na mitungi iliyofunikwa. Wengi tuwape, ila kwanza tuwaache wachague bila kutazamwa.