Sifa za Lindo

Jeshi hutazamwa siku ya gwaride. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, na 9 Desemba, Siku ya Uhuru, watu huwahi uwanjani kusikia buti zikipiga chini kishindo kimoja, nami ni miongoni mwao. Amri ya "heshima toa" bado hunisisimua mwili. Hata hivyo kwata hufundishika. Mpe sajenti mkali vijana wazima wa miguu na miezi michache, atakupa gwaride. Iko kazi nyingine ya askari isiyopigiwa tarumbeta. Hufanywa usiku, aghalabu peke yako, na ikifanywa vizuri hakuna kinachotokea. Kazi hiyo ni kukaa lindo, na ndiyo iliyoulea ukoo wetu.

Sisi ni watu wa Isongole, wilayani Ileje, mkoani Songwe. Ukivuka mto Songwe umeingia Chitipa, Malawi. Tarehe 1 Julai 1890 Wajerumani na Waingereza walitia saini huko Berlin kwamba mto huu uwe mpaka wa makoloni yao, na waliokuwa wakichota maji yake hawakuulizwa. Walambya wako huku na wako kule, Wandali vivyo hivyo. Mahari huvuka, misiba huvuka, mahindi huvuka yakiwa na kibali na yasipokuwa nacho. Kwa hiyo anayekaa lindo mpakani hapa hujua mapema jambo ambalo askari wengine hulijua wakiwa wazee: yule anayekuja gizani huenda akawa shemeji yake.

Vita vilipita hapa kabla hatujawa na jeshi la kuliita letu. Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilichokuwa na makao Masoko, Rungwe, kiliuvuka Songwe kwenda kuwashambulia Waingereza wa Karonga. Tarehe 9 kikapigwa, kikarudi. Miaka minne baadaye, Novemba 1918, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipita na masalia ya jeshi lake akaishambulia Fife, ng'ambo tu ya Tunduma, kisha akaenda kuweka silaha chini tarehe 25 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia. Wazungu wameandika vitabu vizima juu ya safari ile. Waliobeba masanduku ya risasi kichwani hawakuandika kitu.

Babu yangu alichukuliwa katika vita vilivyofuata. Aliingia KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, katika batalioni mojawapo ya Tanganyika, akapelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Ndani ya divisheni hiyo mlikuwa na batalioni za Tanganyika, za Nyasaland, yaani Malawi ya leo, na moja ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Vijana waliotenganishwa na kalamu za Berlin walikutana tena ng'ambo ya bahari, katika tope la bonde la Kabaw, mvua za mwaka 1944, wakimpigania mfalme wasiyemjua. Desemba mwaka huo divisheni iliitwaa Kalewa, penye mto Chindwin.

Tulipokuwa watoto tulimkera babu kwa swali moja: uliua wangapi? Hakulijibu. Alichopenda kusimulia ni usiku. Wajapani, alisema, walikuwa na ujanja wa kusogea gizani na kufanya fujo kusudi. Watagonga vyuma, watapiga kelele, watarusha mawe vichakani. Hawakuwa wanashambulia. Walitaka mlinzi ashikwe na hofu afyatue risasi, mwale wa bunduki uonyeshe alipo, ndipo wajue pa kupiga kesho. Kijana mwenye papara alifyatua. Mwenye akili alitulia na kidole chake nje ya kifyatulio, akasikiliza hadi akajua kelele zile ni za watu wangapi na ziko umbali gani, asubuhi akamwambia ofisa wake. Kwa babu, mlinzi hodari alikuwa yule aliyerudisha risasi zote alizopewa.

Alijifunzia wapi? Waingereza wangesema walimfundisha wao kambini. Yeye alisema alifika kambini anajua, amejulia kwenye dungu. Kila mtoto wa milima ya Undali aliyelelewa wakati mahindi yanaliwa na nguruwe pori ataelewa. Unapanda kwenye dungu jua likizama, una kamba iliyofungwa makopo, una mawe na kijinga cha moto. Nguruwe si mjinga. Huja ukingoni, husimama, hupima. Mtoto anayepiga kelele kwa kila jani linalotikisika atakuwa amechoka kabla ya usiku wa manane, na nguruwe wataingia alfajiri akiwa amekunja magoti, analala. Yule anayesubiri mpaka asikie bua la kwanza likivunjika, akavuta kamba mara moja tu, shamba lake hupona. Babu aliwalinda Waingereza kwa elimu ya mama yake, na sijui kama kuna aliyemlipa kwa hilo.

Ufundi wenyewe una mambo mengi madogo, na mimi niliyapata JKT, wakati ambapo mwaka mmoja wa jeshi ulikuwa bado lazima kwa waliomaliza kidato cha sita, kabla haujasitishwa mwaka 1994. (Ulirudishwa mwaka 2013, na vijana wanaoitwa kwa mujibu wa sheria sasa hukaa kwa muda mfupi zaidi.) Afande aliyetufundisha lindo alikuwa mtu mpole, jambo la nadra kwa maafande. Alitufundisha kwanza kusimama. Usisimame mbele ya ukuta mweupe wala juu ya kilima ambako anga itakuchora. Simama ubavuni mwa mti, mti ukumeze. Usitazame taa kabla ya zamu yako, kwa kuwa macho huhitaji kama nusu saa kulizoea giza na kiberiti kimoja huyarudisha mwanzo. Ukitaka kuona kitu gizani usikikazie macho, tazama pembeni yake kidogo, nacho kitajitokeza. Ukitaka kusikia vizuri, fungua mdomo kidogo. Kisiki ulichokiona saa nne usiku kisikutishe saa nane, na kama saa nane visiki vimekuwa viwili, basi hapo una kazi.

Kisha yakaja maneno. Mtu akisogea, unasema "Simama! Nani wewe?", na sauti yako iwe na uzito bila kuwa na hasira. Unamtaka ajitambulishe, unamsogeza hatua chache, unamsimamisha tena, unamdai neno la siri. Kuna kuruta aliyewahi kumsimamisha mkuu wa kikosi mvuani kwa sababu mkuu alikuwa amelisahau neno. Kambi nzima ilingoja aadhibiwe. Mkuu alimpongeza kwenye gwaride la asubuhi. Nimeisikia hadithi hiyo kwa askari wa kambi nyingi, na kila mmoja huapa ilitokea kambini kwao. Nadhani inapendwa kwa sababu inasema ukweli fulani kuhusu cheo: saa ile, pale kwenye lindo, hakuna mkubwa kuliko mlinzi.

Adui wa lindo ni usingizi, na usingizi haupigwi kwa nguvu. Tuliambiwa tuhesabu, tubadili mguu, tutembeze macho kutoka kushoto hadi kulia na kurudi. Kila mtu hatimaye hupata dawa yake. Mimi nilikuwa nikiitaja kimoyomoyo nyumba moja moja ya Isongole kuanzia darajani kupanda juu, na wanaoishi ndani yake, na deni walilokuwa wakitudai. Zamu ilikuwa saa mbili kwa saa nne za kupumzika, na sijapata kukutana na saa mbili zenye urefu ule mahali pengine popote, hata kwenye mikutano ya hadhara.

Halafu kuna kupokezana. Hapa ndipo ninapoiona heshima ya askari kuliko kwenye medali. Anayetoka hamwachi anayeingia na giza tupu. Humwambia: mbwa wamebweka upande wa mtoni, kuna taa iliwashwa ikazimwa, upepo umegeuka. Hukabidhi alichokisikia, na mpokezi hukabidhiwa na deni la kutosinzia, kwa kuwa mwenzake ataenda kulala akimwamini. Watu mia wanaweza kufumba macho kwa sababu ya kiapo hicho cha watu wawili ambacho hakuna anayekisikia.

Baba aliingia vitani akiwa mgambo. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaikalia ardhi ya Kagera kaskazini ya mto, na daraja la Kyaka likavunjwa. Jeshi letu, lililokuwa na watu wasiofika 40,000, lilikua hadi kama 150,000, na katika nyongeza hiyo walikuwamo mgambo kama yeye, wakulima waliojua kulenga shabaha kidogo na kuvumilia sana. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Wenzake walirudi na hadithi za mapigano ya Lukaya na Entebbe. Baba alirudi na hadithi za malori ya unga, maana alipangiwa kuyalinda. Waliomcheka kilabuni aliwauliza swali moja tu: ninyi mlifika Kampala mmekula nini?

Sitaki nionekane naitukuza bunduki. Tunayo kumbukumbu ya mlinzi aliyeligeuza lindo lake. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi letu la wakati huo, katika kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo, waliwafungia maofisa wao, wakatoka kwenda kuushika mji wa Dar es Salaam. Walikuwa na madai ya mishahara na vyeo, na madai yenyewe hayakuwa ya kipuuzi. Ila siku ile wenye mji waliwaogopa waliowekwa kuwalinda. Serikali ya Nyerere ililazimika kuomba Waingereza waje kuwapokonya silaha, aibu ambayo wazee waliizungumza kwa sauti ya chini. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo ikazaliwa JWTZ. Baba alikuwa akisema kwamba jeshi jipya liliundwa ili watu walale.

Kwetu Isongole tuliyaona mambo ya lindo kwa namna nyingine mwaka 2012, mgogoro wa Ziwa Nyasa ulipopamba moto na watu wa mbali wakaanza kuzungumza habari za vita kati yetu na Malawi. Magazeti yaligonga mabati. Huku mtoni watu waliendelea kuvuka kwenda gulioni. Serikali zote mbili zikalipeleka shauri kwa marais wastaafu wa Afrika, wakiongozwa na Joaquim Chissano. Mpaka wa ziwani haujaafikiwa tangu wakati huo, lakini hakuna mlinzi wa upande wowote aliyefyatua. Babu angewapa walinzi wale alama nzuri.

Wala lindo si kazi ya salama. Tarehe 7 Desemba 2017 giza lilipoingia, kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa penye mto Semuliki, katika eneo la Beni mashariki mwa Kongo, ilivamiwa. Waliokuwa wakiishikilia walikuwa Watanzania. Mapigano yalichukua saa nyingi, na askari wetu wasiopungua 14 waliuawa. Walikuwa wameenda kulinda wanavijiji wa nchi nyingine karibu na mto wa nchi nyingine, na hata leo ukisema Semuliki mahali walipo askari, mazungumzo husimama kwanza.

Siku hizi aliyevaa sare katika ukoo wetu ni binti wa dada yangu. Kulikuwa na kikao. Wajomba wawili walisema jeshi la ukoo ni la wanaume. Shangazi mmoja akauliza ni nani, miaka yote hiyo, aliyekuwa akikaa kwenye dungu wakati wanaume wako Burma na Uganda. Kikao kiliishia hapo. Binti alipokuja likizo mara ya kwanza sikumsikia akizungumzia bunduki. Alilalamikia baridi ya saa tisa usiku, na mwenzake anayechelewa kumpokea zamu. Nikajua kazi imemwingia.

Basi nawe msomaji, kama nyumbani kwenu yuko mzee au dada aliyepita jeshini, usimuulize aliua wangapi. Muulize alikaa lindo wapi, alisikia nini, na nani alikuja kumpokea. Na umuulize mapema, maana waliokwenda Burma karibu wote wamekwisha, na wa Kagera wanapungua kila mwaka.