Nusu Hatua

Katika sanaa zote ambazo mikono ya binadamu imejaliwa kuzitenda, sijui nyingine ambayo mlango wake ni mwembamba na nyumba yake ni pana kama sanaa ya kupiga piano. Kwa maana mtu aingiaye humo huanza kwa kuweka vidole vitatu juu ya vibao vitatu, akavibonyeza kwa pamoja, na kabla sauti haijafifia amekwisha kusikia jambo ambalo wenye ilimu ya muziki wamelitungia vitabu tangu Gioseffo Zarlino wa Venezia alipochapisha chake mwaka 1558. Mlango huo ndio ninaoukusudia kuusifu. Waliokwisha kupita na kuingia vyumba vya ndani aghalabu huusahau, wakawa na mazungumzo ya watungaji mashuhuri na mikono iendayo mbio. Mimi niliufikia nikiwa na umri wa miaka arubaini na miwili, nikakaa kizingitini muda mrefu, na sijaona bado sababu ya kukikimbia kizingiti kile.

Piano niliyojifunzia ilikuwa ya kusimama, imeegemezwa ukutani katika ukumbi mmoja wa Tanga, upande usiofikiwa na jua. Hewa ya pwani haina huruma na chombo hicho: chumvi ya bahari hula nyaya zake, na unyevu wa masika huvimbisha mbao na sufu iliyoshindiliwa inayovika vinyundo vyake, hata vibao vingine vikibonyezwa havirudi juu ila kwa kusaidiwa na ukucha. Miguu ya piano ile ilitiwa ndani ya makopo yenye mafuta ya taa ili mchwa wasipande, na kila jioni baada ya somo kifuniko kilifungwa na juu yake zikatandikwa kanga mbili kuukuu. Mwalimu wangu alikuwa kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanangu wa kwanza, mpigaji wa kwaya mwenye subira nyingi; yeye akiniita Mzee, nami nikimwita Mwalimu, na kila mmoja wetu akimpa mwenzake haki yake.

Siku ya kwanza hakunifunza nukta wala mistari. Aliniweka sawa juu ya kiti, akauinua mkono wangu wa kulia kwa vidole viwili kama mtu aokotaye yai, kisha akaweka juu ya mgongo wa mkono ule senti kumi ya zamani, ile ya shaba yenye tundu katikati. Akasema, "Mzee, senti hii isianguke. Dole gumba juu ya C, kidole cha kati juu ya E, cha mwisho juu ya G. Cha shahada na cha pete vistarehe." Senti ilianguka mara sita. Mara ya saba ilikaa, na vibao vitatu vikashuka pamoja, na ukumbi ule mtupu ukajaa. Nilipokuwa bado nimeduwaa akaniambia nisiondoe dole gumba wala kidole cha mwisho, ila kidole cha kati nikirudishe nyuma kibao kimoja tu, kwenye kile cheusi kilicho kushoto kwake. Nikafanya hivyo, nikabonyeza.

Nimejaribu mara nyingi kueleza kwa maneno kilichotokea, na maneno yaliyo karibu zaidi ni haya: fungu la kwanza lilikuwa kama ua wa nyumba wakati wa asubuhi, na la pili kama ua uleule jua lilipokwisha kuvuka upande wa pili wa paa. Hakuna kilichohamishwa, mtungi ulikuwa pale pale, mkeka pale pale, mlango pale pale, bali nuru ilikuwa nyingine. Nguzo mbili za pembeni hazikutikisika hata kidogo, na badiliko lote lile lilitoka katika nusu hatua ya kidole kimoja. Niliomba ruhusa nirudie, nikarudia kwenda na kurudi hata adhana ya magharibi ikatukuta tungali pale.

Wapigaji wa mjini huliita fungu la namna hii kodi, na aina zake mbili huziita meja na maina, majina yaliyotujia kutoka Ulaya yenye maana ya kubwa na ndogo; na ukubwa na udogo huo ni wa nafasi iliyopo baina ya sauti ya chini na sauti ya kati. Piano kamili ina vibao 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, na kutoka kibao chochote hadi kile kinachokifuata mara moja, kikiwa cheupe au cheusi, ni nusu hatua. Katika meja, kutoka sauti ya chini hadi ya kati ni nusu hatua 4, na kutoka ya kati hadi ya juu ni 3. Katika maina mambo hugeuka, zikaja 3 kwanza na 4 baadaye. Jumla ni 7 kote kote. Ni mirathi moja kwa ndugu wawili, na tofauti iko katika kujua nani amepewa fungu lake kwanza.

Hesabu hii ina batini yake. Mwaka 1939 mkutano wa mataifa uliofanyika London ulikubaliana kwamba sauti ya A iliyo juu ya C ya katikati itikisike mara 440 kwa sekunde. Kwa kipimo hicho C yenyewe hutikisika kiasi cha mara 262, E kiasi cha 330, na G 392. Lau sauti hizi zingepangwa kwa uwiano ulio safi kabisa, yaani 4 kwa 5 kwa 6, E ingalikuwa kiasi cha 327 tu. Fundi alinganishaye nyaya huipandisha kidogo kwa makusudi, kwa sababu sharti azigawe sawasawa nafasi 12 zilizopo kutoka C moja hadi C inayofuata, ili wimbo uweze kuanzia kibao chochote na usikwaruze sikio. Kwa hiyo kila meja tuipigayo ina dhuluma ndogo ndani yake, iliyokubaliwa kwa faida ya jamii nzima ya vibao. Na sikio lililozoea huisikia, mtetemo mwembamba katikati ya fungu, kama joto linalocheza juu ya mchanga wakati wa adhuhuri.

Nilidhani baada ya siku ile ya kwanza kwamba kazi imekwisha, kwani nilikwisha kujua vidole viende wapi. Kumbe kujua mahali ni jambo dogo. Kazi iliyonichukua miezi ilikuwa kuvifikisha vidole vitatu kwa wakati mmoja na kwa uzito unaostahili. Dole gumba ni zito kwa tabia, hufika kwanza na hupiga kelele. Kidole cha mwisho ni dhaifu, huchelewa na hunong'ona. Na kidole cha kati, ambacho peke yake ndicho kiamuacho kama fungu ni meja au maina, huzama baina ya hao wawili hata hukumu yake isisikike. Mwalimu alinifunza kupiga fungu moja mara tatu: mara ya kwanza nimsikie wa chini, ya pili wa juu, ya tatu wa kati, na kila mara vidole vyote vitatu vishuke, ila mmoja apewe neno. Zoezi hili ni gumu kuliko mtazamaji awezavyo kusadiki, na ndilo lililonifunza kwamba piano ni chombo cha mizani.

Ndiyo maana namheshimu sana Bartolomeo Cristofori, fundi wa vinanda aliyeutumikia ukoo wa Medici huko Firenze, ambaye kiasi cha mwaka 1700 alibuni chombo hiki. Vinanda vingi vya vibao vilivyotangulia vilikwanyua nyaya kwa kijiti cha unyoya, na kidole kikibonyeza kwa nguvu au kwa upole sauti ilitoka ileile. Yeye aliweka kinyundo mahali pa unyoya, na tangu hapo uzito wa kidole ukawa na maana. Piano yake moja ya mwaka 1720 ingali imehifadhiwa katika makumbusho ya Metropolitan, New York.

Nyumbani sikuwa na piano. Nilichukua ubao mrefu wa mninga, nikauchora vibao kwa kipimo nilichokichukua ukumbini kwa uzi, vyeusi nikavipaka masizi, na kila usiku baada ya chakula nikapiga mafungu yasiyotoa sauti. Jambo hili watu wa nyumbani walilistahimili kwa wema. Na hapo, katika kimya kile, ndipo mafungu yalipoanza kupangika katika fahamu zangu. Nikaona kwamba C, F na G hupata meja kwa vibao vyeupe vitupu, na zikitaka maina huazima cheusi kimoja cha katikati. Na kwamba D, E na A ni kinyume chake, maina zao ni nyeupe tupu na meja zao ndizo ziazimazo. Nikaona kwamba ziko mbili zilizo nyeusi tupu, meja ya F iliyopandishwa na maina ya E iliyoshushwa, na mkono ukizipata huhisi umepanda juu ya tuta. Jumla yake yote ni mafungu 24, meja 12 na maina 12. Nami siku nilipoyakamilisha nilielewa kwa nini Johann Sebastian Bach, alipokusanya kitabu chake cha mwaka 1722, alitunga vipande kwa kila moja ya njia 24 zinazosimama juu ya mafungu hayo, asiache hata moja nyuma.

Sasa nifike kwenye shauri nisilokubaliana na vitabu. Kile tulichokitumia, kama vingine vingi, kilisema kwamba meja ni furaha na maina ni huzuni, kikamalizia hapo. Mwanafunzi akiambiwa hivyo siku ya kwanza husikia alichoambiwa, na sikio lake hufungwa kabla halijafunguliwa. Mimi nina ushahidi wa karibu. Wimbo wa taifa wa Kenya, uliotayarishwa mwaka 1963, lahani yake ilitokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo, watu wa mto Tana, na lahani hiyo ni ya maina. Wala mama aliyembembeleza mwanawe kwa wimbo ule hakuwa akiomboleza. Wimbo wa Tanzania lahani yake ni ya Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini, aliyeitunga mwaka 1897, nayo ni ya meja. Lakini ni dua, na wauimbao husimama wima kwa unyenyekevu, wala sisikii ndani yake bashasha ya harusi. Nchi mbili jirani, mpaka mmoja, na kidole cha kati kikihama nusu hatua. Nikiulizwa maina ni nini, nitajibu kwamba ni sauti ya mtu aliyenyamaza ili afikiri. Anaweza kufikiri msiba, anaweza kufikiri usingizi wa mtoto, anaweza kumfikiri Mungu.

Na liko jambo jingine, ambalo sisi tuliolelewa na muziki wa udi na kanuni hatuwezi kulificha. Aliyezoea kuwasikiliza Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarabu cha Unguja kilichoasisiwa mwaka 1905, anajua kwamba baina ya E na ile E iliyoshushwa kuna sauti ya tatu, nayo ndiyo moyo wa Rast, mojawapo ya makamu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu. Makamu ya Ajam ni jamaa wa karibu wa meja, na ya Nahawandi wa maina. Ila Rast hukaa katikati, wala haijaelemea upande wowote, na kidole juu ya piano hakina pa kuikanyaga, kwa kuwa baina ya vibao vile viwili hakuna kitu ila ufa. Miezi ya mwanzo ufa ule ulinisumbua. Nilipiga meja nikatamani ishuke kidogo, nikapiga maina nikatamani ipande kidogo. Baadaye nilielewa kwamba piano ilitoa sauti ile iwe fidia ya kupata njia 24 zilizo sawa, na kwamba mpiga kanuni naye, apatapo Rast yake, sharti ageuze vishikizo vya nyaya kabla hajahamia makamu nyingine. Sikuwahi kuipenda fidia hiyo. Lakini naihesabu kuwa halali.

Basi ewe msomaji, ikiwa katika mji wako kuna piano yoyote, shuleni, kanisani au katika ukumbi wa watu, omba ruhusa, funua kifuniko, wala usimngoje mtu akuambie umri wako umepita. Tafuta vibao vyeusi viwili vilivyosimama pamoja. Cheupe kilicho kushoto kwao ndicho C. Weka dole gumba hapo, ruka cheupe kimoja, weka kidole cha kati, ruka cheupe kimoja tena, weka cha mwisho, ubonyeze. Kisha kirudishe cha kati nyuma kwenye kile cheusi, ubonyeze tena, na mkono usiuinue mpaka sauti ya mwisho iwe imekwisha kabisa.