Lugha na Wilaya: Uhakiki wa Maulizo ya Django

Lugha hazifuati mipaka ya wilaya. Kihaya husemwa Bukoba na Muleba. Muleba nayo ina wasemaji wa Kizinza pia. Lugha moja huwa na wilaya nyingi, na wilaya moja huwa na lugha nyingi. Katika hifadhidata za majedwali, ambazo misingi yake ilielezwa na E. F. Codd mwaka 1970, uhusiano wa namna hii huwekwa katika jedwali la tatu, ambalo kila mstari wake huunganisha lugha moja na wilaya moja.

Django, iliyotolewa kwa watu wote mwaka 2005, humwezesha mtunga programu kuuliza habari hizo pasipo kulitaja jedwali hilo. Wepesi huo wastahili sifa, kwani ulizo husomeka karibu na usemi wa kawaida. Lakini kilichofichwa husahauliwa. Atafutaye lugha zisemwazo Bukoba au Muleba atapewa Kihaya mara mbili, asipoagiza marudio yaondolewe.

Kubwa zaidi ni hili. Mathalan, mtafiti ataka lugha zenye wasemaji zaidi ya 50,000 katika Muleba. Akiweka masharti yote mawili katika kichujio kimoja, ni lazima mstari mmoja uyatimize yote. Akitumia vichujio viwili vifuatanavyo, sharti la kwanza laweza kutimizwa na mstari wa Muleba, na la pili na mstari wa Sengerema. Hapo Kizinza, hata wasemaji wake wa Muleba wakiwa wachache, chaweza kutajwa kuwa lugha kubwa ya Muleba kwa nguvu ya hesabu ya Sengerema. Programu haitoi onyo, maana imejibu lililoandikwa, silo lililokusudiwa. Kazi za namna ya Atlasi ya Lugha za Tanzania ya mwaka 2009 zingeharibiwa na kosa kama hilo.

Jedwali la tatu likiachiwa Django, hupewa jina la kuunganisha majina mawili, wala halina mahali pa hesabu. Yafaa liitwe kwa jina lake lenyewe, tuseme Usemaji, na idadi iandikwe humo. Kwani idadi hiyo si sifa ya Kihaya peke yake wala ya Muleba peke yake, bali ya Kihaya katika Muleba. Ulizo likianzia humo, vichujio vifuatane au viunganishwe, jibu huwa lile lile.