Mtoto wa Udongo na Mtoto wa Barabarani

Wako watu wasemao kwamba senema ya udongo na vikaragosi ni mchezo wa watoto, haifai kumshughulisha mtu mzima. Sisi hatukubali. Kazi hii ina ugumu ambao wengi hawaujui, na hapa Kongo imetoa senema inayostahili kufikiriwa.

Kwanza tueleze inavyofanywa. Fundi hufinyanga mtu mdogo kwa udongo laini, akamtia waya ndani uwe mifupa yake. Humpiga picha moja, akamsogeza mkono kidogo sana, kisha humpiga picha nyingine. Sekunde moja ya senema yahitaji picha 24. Hata kila mkao ukipigwa mara mbili, bado ni mikao 12 kwa sekunde, yaani 720 kwa dakika moja. Mwenye pupa haiwezi kazi hii.

Huko Uingereza Bwana Nick Park amejipatia sifa kubwa kwa udongo huo. Mbwa wake, Gromit, hana kinywa wala hasemi neno. Mawazo yake twayasoma katika paji la uso, ambalo fundi hulifinya kwa kidole. Tena ukitazama vema, mara nyingine alama za vidole huonekana juu ya udongo. Wengine wangeziita kasoro. Sisi twazipenda, maana zaonyesha kwamba mtu aliketi hapo akafanya kazi.

Katika nchi yetu yuko Bwana Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, mzaliwa wa Lubefu katika Sankuru. Studio yake aliiita Malembe Maa, na ajuaye Kilingala atatambua katika "malembe" neno letu "polepole". Mwaka 1992 alitoa senema juu ya uporaji uliotokea Kinshasa Septemba 1991, akitumia michoro ya watoto. Mwaka 1999 akatoa Muana Mboka, maana yake "mtoto wa nchi", kwa vikaragosi vinavyosogezwa kwa namna ileile tuliyoieleza.

Muana Mboka ni mtoto wa barabarani. Anamwokoa waziri aliyepatwa na ajali ya gari, anapewa fedha kuwa zawadi, na kumbe fedha hizo ndizo zinazomletea matata. Twaisifu hadithi hii kwa kuwa haitudanganyi kwamba noti chache zatosha kumwondoa mtoto katika shida.

Lakini sifa kubwa zaidi ni ya mkono wa fundi. Mtoto wa namna hii tukimkuta sokoni Lubumbashi twampita upesi, tukishika mifuko yetu. Katika senema hii hatuwezi kumpita. Yuko mtu aliyemgeuza shingo, akamwinua mguu, mara mamia na mamia, na subira ile yatulazimisha nasi tumtazame. Ni kweli, uso wa kikaragosi ni mkavu kuliko uso wa udongo, na huzuni ndogo ndogo zaweza kupotea. Walakini twaona hasara hiyo ni ndogo kuliko faida.

Hapa Kinsevere jambo hili latuhusu. Ardhi yetu hupimwa kwa shaba iliyomo. Watoto wetu nao huchukua udongo wa kichuguu, wakafinyanga malori na watu wenye kofia za mgodi, nasi twawakemea kwa kuchafua nguo. Kumbe wameshika mwanzo wa ufundi uleule tunaousifu kwa wengine! Siku hizi hata simu yenye kamera yatosha kuanza, mradi pawe na mtu mzima wa kuwaongoza.

Basi wazazi na walimu, mkimkuta mtoto na lori lake la udongo, msianze na nguo. Mwulizeni lori laenda wapi, na ni nani anayeliendesha. Msikilizeni mpaka amalize.