Kelele za watazamaji katika pantomimu ya Waingereza

Jina lenyewe linadanganya. Pantomimu maana yake ni kuigiza pasipo kusema, kwa mikono na uso tu. Lakini mtu akiingia katika nyumba ya michezo ya Uingereza siku za Noeli, atakuta watoto wengi wanapiga kelele, na wazazi wao pamoja nao. Mchezo wa bubu umekuwaje mchezo wa makelele? Jambo hilo latufaa sisi tunaotayarisha michezo katika misioni. Tunapenda watu waitikie, wala hatujiulizi sana wanaitikia nini.

Zamani ulikuwa kweli mchezo wa bubu. Mjini London, John Rich (1692–1761) alicheza Harlequin, mchekeshaji aliyetoka Italia, pasipo kutamka neno. Sheria ya mwaka 1737 ikaziachia nyumba chache tu, kama Drury Lane na Covent Garden, ruhusa ya michezo ya maneno; nyingine zikajitegemeza kwa musiki na ishara. Kizuio hicho kiliondolewa mwaka 1843, na maneno yakaingia kwa wingi.

Lakini watazamaji walikuwa wamekwisha kupata kinywa. Joseph Grimaldi (1778–1837), ambaye sifa yake ilienea sana kwa mchezo wa Mother Goose wa mwaka 1806, alikuwa na wimbo juu ya mama mzee, mwuza matofaa ya moto, aliyependa kileo. Alipofikia jina la kileo alinyamaza. Watu wakalitamka wao wenyewe kwa nguvu. Naye akawageukia akawakaripia, kana kwamba ndio wenye kosa! Mimi naona hapo akili kubwa. Neno lilikuwa lao, na haya pia ikawa yao.

Tutazame sasa desturi ya leo. Mwovu ananyemelea; mchezaji hamwoni; watoto wanapaza sauti: «Nyuma yako!» Anageuka upande usiofaa, mwovu anazunguka naye, kelele zinazidi. Mchezo huo ni wa kitoto, ndiyo, lakini haukosi ukweli. Mtoto anajua jambo ambalo mtu anayempenda halijui, basi hawezi kunyamaza. Hakuna aliyemwamuru.

Siwezi kusifu vivyo hivyo mashindano ya «Sivyo!» na «Ndivyo!», ambayo huendelea mpaka mchezaji achoke. Hapo hakuna mtu aliye hatarini, wala jambo la kujua. Na kibaya zaidi ni ile desturi ya mchezaji anayeingia, anasalimu, anaitikiwa vema, kiisha anasema hakusikia, warudie kwa nguvu zaidi. Alisikia! Anawatoza watu furaha kama kodi. Wengine watanijibu kwamba nyanya na mjukuu wanafurahi kujua maneno yale yale, na kuyasema pamoja. Nakubali; neno la desturi halikosi uzima kwa sababu ni la desturi. Katika hadisi zetu za jioni pia wasikilizaji wanaitikia wimbo wanaoujua tangu utoto. Lakini msimulizi anawaachia nafasi, na wasipoimba, safari ya hadisi inasimama. Mwitikio wao una kazi.

Kwa hiyo nakumbuka mchezo mmoja ambao si pantomimu kamili, ila ulijifunza mengi kwayo: Peter Pan wa J. M. Barrie, uliochezwa mara ya kwanza London tarehe 27 Desemba 1904. Tinker Bell, kiumbe kidogo chenye mabawa, amekunywa sumu iliyowekewa Peter, naye anakufa. Peter anawageukia watazamaji, anawaomba wanaosadiki kwamba viumbe wa namna hiyo wako wapige makofi, apate kupona. Hilo ni ombi la kweli, maana watu waweza kulijibu kwa kimya. Wakinyamaza, mchezo umevunjika mbele ya macho ya wote.

Barrie alilijua, akaogopa. Usiku ule wa kwanza watazamaji wengi walikuwa watu wazima, nao wapiga musiki walikuwa wameagizwa waweke vyombo vyao chini na kupiga makofi, kama watu wasingepiga. Haikuhitajiwa. Makofi yalikuwa makubwa hata Nina Boucicault, aliyemcheza Peter, akatoka machozi.